Elimu ya Jamii Chuo Kikuu na Watoto wa Rufiji

Mzazi akiambiwa kuwa mwanawe amechaguliwa kusoma udaktari au sheria, hana haja ya kufasiriwa. Lakini akiambiwa kuwa kijana amechaguliwa kusoma Sosholojia, aghalabu hunyamaza kwanza, kisha huuliza: "Hiyo ni elimu gani, nayo italeta nini nyumbani?" Swali hilo ni la haki, na yafaa lijibiwe waziwazi, hasa kwa jamaa zetu wa Kibiti, Ikwiriri na visiwa vya Delta ya Rufiji, ambao wana sababu kubwa ya kuijua elimu hiyo.

Sosholojia ni elimu ya jamii. Huchungua namna watu wanavyoishi pamoja, wanavyooana na kurithiana, wanavyogawana ardhi na maji, wanavyotii na wanavyoasi. Jina lake limetoka Ulaya katika karne ya 19, lakini jambo lenyewe si geni kwetu. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alieleza katika Muqaddima yake ya mwaka 1377 kwamba maisha ya watu katika umoja wao yana kanuni ziwezazo kuchunguzwa, na kwamba mshikamano, aliouita asabiyya, ndio unaosimamisha dola, nao ukilegea dola huanguka. Kijana adhaniaye kuwa anakwenda kusoma mambo ya Wazungu watupu na alijue hilo kabla hajaingia darasani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na kikawa chuo kikuu kamili chenye kujitegemea mwaka 1970. Huko ndiko iliko Idara ya Sosholojia na Anthropolojia. Shahada ya kwanza huchukua miaka 3. Mwanafunzi husoma nadharia za akina Karl Marx, Emile Durkheim na Max Weber. Husoma habari za familia, za vijiji na za maradhi. Hufundishwa takwimu, jambo linalowashtua waliodhani wameikimbia hesabu. Tena hufundishwa namna ya kumhoji mtu bila ya kumtia jibu kinywani. Hili la mwisho, kwa maoni yangu, lapita yote.

Tazama yaliyotokea Rufiji kwenyewe. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha wakazi wa bonde na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa juu kwenye ardhi kavu. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji safi yawe karibu. Lakini Mrufiji hakuwa amekaa bondeni kwa ujinga. Mto ukijaa huacha rutuba, na maji yakipungua hupandwa mazao ya mlau, ambayo huwaokoa watu pale mvua inapowahini. Nyumba zikawa juu, mashamba yakabaki chini. Nguruwe na nyani wakapata nafasi. Watu wakarudi bondeni kwa miezi kadhaa kila mwaka, wakilala katika madungu ili walinde mpunga wao. Watafiti wa Chuo Kikuu waliofika katika miaka ya 1970 waliyaandika hayo, na Kjell Havnevik, mtu wa Norway, akatoa kitabu kizima mwaka 1993 juu ya mipaka ya maendeleo yaletwayo kutoka juu. Twamshukuru. Lakini mtoto aliyelelewa ndani ya dungu angeanza utafiti huo akiwa amekwisha kujua nusu ya habari.

Na mambo hayajakwisha. Mwaka 1997 Serikali ilikubali mradi mkubwa wa kufuga kamba katika Delta. Wako wanavijiji walioupokea, na wako walioupinga hadi Mahakama Kuu, na mwishowe mradi haukujengwa. Nani alikuwa na haki ya kusema kwa niaba ya kijiji? Mwezi wa Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji huko juu ya mto. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Wengine wakasema ni mvua, wengine wakasema ni bwawa. Je, mlau utabaki? Nani atapata shamba, na mjane atapata wapi? Maswali haya hayajibiwi na mhandisi peke yake.

Ama kuhusu riziki, tusidanganyane. Wahitimu huajiriwa katika maendeleo ya jamii na ustawi wa jamii kwenye halmashauri, katika mashirika na katika kazi za utafiti. Lakini si kila mmoja hupata kazi mara moja, na masomo yote ni kwa Kiingereza, hivyo kijana aimarishe lugha hiyo mapema. Baada ya kidato cha sita, mwenye kufaulu vyema masomo yake makuu hupeleka maombi chuoni moja kwa moja. Asiye na uwezo huomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo hudai cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa nyumbani kisiwani, mbali na hospitali, huenda hana cheti hicho. Basi mzazi asingoje matokeo ya mtihani ndipo aanze kukitafuta, kwani mashua ya kwenda na kurudi Nyamisati ina nauli, na siku za maombi ni chache.