Sayatika: Maumivu Yasiyoonekana na Haki ya Mwenye Kuumwa

Katika misikiti yetu mingi siku hizi hapakosi viti vichache vilivyoegemezwa ukutani, mwisho wa safu. Tulizoea kuvihesabu kuwa ni vya wazee. Kwa muda sasa, hata hivyo, wanaovikalia wamebadilika: wamo madereva wa mabasi ya mikoani, wachukuzi wa mizigo, mafundi cherehani, na vijana wa miaka thelathini na kitu ambao ukiwatazama usoni huoni alama ya ugonjwa. Na wapo wengine walioacha kuja kabisa, kwa kuona haya kukaa kitini ilhali mzee wa miaka sabini amesimama mbele yao. Baadhi yao tumewafuata majumbani, kwani kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya nduguye, na jawabu tulilolipata mara nyingi ni moja: kiuno kinauma, na maumivu yanateremka mguuni mithili ya umeme.

Hospitalini maradhi haya huitwa sayatika. Mshipa wa fahamu unaohusika ndio mnene kuliko yote mwilini, unakaribia unene wa kidole. Mizizi yake hutoka baina ya pingili za chini za uti wa mgongo. Ikishaungana hupita matakoni, ikashuka nyuma ya paja hadi muundini na wayo. Kwa hiyo mtu huumwa mguu, akausugua mguu kwa mafuta usiku kucha, na kumbe mguu hauna kosa. Baina ya pingili na pingili pana kisahani cha gegedu chenye ute katikati, kazi yake kupokea uzito. Kisahani hicho kikichomoza au kupasuka, hukandamiza mzizi wa mshipa na kuutia uvimbe, na maumivu husikika huko mbali uendako mshipa. Jambo hili lilipata uthibitisho mwaka 1934, pale madaktari wawili wa Marekani, William Mixter na Joseph Barr, walipochapisha habari za wagonjwa waliowapasua na kukuta visahani vilivyopasuka. Ziko sababu nyingine pia. Kwa wazee, njia anamopita mshipa huweza kuwa finyu. Wajawazito nao huumwa. Na katika nchi zetu iko sababu ambayo haizungumzwi inavyostahiki, nayo ni sindano ya matakoni kuchomwa mahali pasipo pake, ikaujeruhi mshipa wenyewe.

Ugonjwa huu si mgeni katika vitabu vyetu. Waarabu huuita *irqun-nasaa*, na wafasiri wa Qur'ani, wakieleza aya ya 93 ya Surat Aal Imran inayotaja chakula alichojiharamishia Israil, yaani Nabii Yaaqub (a.s.), wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kuwa maradhi yaliyomsumbua hata akaweka nadhiri ya kuacha nyama ya ngamia na maziwa yake yalikuwa ni hayo hayo. Nabii wa Mwenyezi Mungu alikosa usingizi kwa maumivu ya mguu. Kwa hiyo anayemwambia jirani yake kwamba maumivu ya namna hii ni dalili ya imani haba, na atazame anamsema nani.

Ibn Majah naye amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) hadithi inayotaja tiba ya irqun-nasaa kwa mafuta ya mkia wa kondoo wa jangwani, yakayeyushwa, yakagawanywa mafungu matatu na kunywewa kwa siku tatu kabla ya kula kitu. Tumekutana na ndugu waliokwenda mnadani kutafuta kondoo mwenye mkia mnono, na hatuwalaumu, maana nia ni njema. Lakini ni vyema kusoma alivyofafanua Ibnul-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, katika Zaadul-Maad: kwamba maneno ya Mtume (s.a.w.) yako yanayowahusu watu wote, na yako yanayowahusu watu wa mahali fulani na hali fulani, na kwamba dawa hii ni ya namna ya pili, ikiwaelekea Waarabu wa Hijazi na walio karibu nao, hasa wa jangwani, kwa aina maalumu ya ugonjwa. Mwanachuoni wa zama zile alitambua kuwa jina moja la ugonjwa huficha vyanzo vingi. Je, sisi tuna udhuru gani wa kumpa kila mwenye kuumwa nyonga dawa moja?

Tuna sababu ya kulikazania jambo hili. Kwa idhini yake tunamtaja mama mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa kushona, mwenye watoto watano. Alianza kuumwa baada ya kuinua gunia la mchele. Kwa miezi mitatu aliendelea kukaa kwenye cherehani, kukuna nazi, kufua kwa kuinama na kusujudu kwa kung'ata meno, kwa kuwa alifundishwa kuwa mwanamke mwema halalamiki. Wakati wa kuliitwa mtaalamu wa mambo ya majini, ulitangulia wakati wa kuitwa daktari. Alipokuja kupelekwa hospitali, unyayo wake wa kulia ulikuwa hauinuki tena, na kandambili ikimtoka njiani bila ya yeye kuhisi. Alipasuliwa, na maumivu yakaondoka, Alhamdulillah. Lakini unyayo haujarudi kama ulivyokuwa, na mpaka leo hukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto. Mumewe alitwambia kwamba hakuwahi kumsikia akilia, na kwa hiyo hakujua. Tuliyatafakari sana maneno hayo.

Subira, kwa jinsi tulivyofundishwa na masheikh zetu, ni kuuzuia moyo usimchukie Mola na ulimi usiseme yasiyofaa. Kuuficha ugonjwa mpaka ukaharibu kiungo si katika subira. Mwili ni amana. Na Sharia imemtangulia mgonjwa kwa huruma kuliko sisi tunavyomhurumia. Imran bin Huswayn (r.a.) alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala yake, naye akamuelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, na asipoweza kwa ubavu. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Imam Bukhari. Tena imepokewa kuwa Allah (s.w.) hupenda ruhusa Zake zitumiwe. Basi anayekaa kitini kwa udhuru hajapunguza kitu katika ibada yake. Ameitekeleza kwa sura aliyoamrishwa.

Hapa pana fiqhi ambayo wengi huikosea, nasi kwa kuwa huulizwa kila Ijumaa tutaieleza kidogo. Kiti hakiwi badala ya kila nguzo. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wa watu wa pwani, anayeweza kusimama lakini hawezi kuinama husimama katika kisimamo chake, kisha hukaa na kuashiria rukuu na sijida, sijida akiiteremsha chini zaidi kuliko rukuu. Madhehebu ya Imam Abu Hanifa yamempa nafasi asiyeweza kusujudu akae tangu mwanzo. Anayeweza kusujudu bila ya madhara asujudu. Na kwa mwenye sayatika, mara nyingi kinachochoma si kusimama bali ni kule kukunja kiuno: rukuu, sijida, na hasa kikao cha tahiyatu ya mwisho. Wako wanaong'ang'ania kukaa chini kwa kudhani kuwa kiti ni bidaa ya matajiri, ilhali kukaa chini hukikunja kiuno kuliko kiti. Hakuna haja vilevile ya kuinua mto au kijimeza mpaka kigonge paji la uso, kuashiria kwatosha.

Udhu nao una taabu yake, kwani kuinua mguu hadi kwenye beseni huku mwili umepinda ni kitendo kibaya mno kwa kisahani kilichochomoza. Mgonjwa na akae juu ya kigoda kirefu, na mtoto ammiminie maji. Watoto wetu wana haja ya thawabu hizo.

Nyumbani ndiko ugonjwa huu unakopoa au unakozidi. Ushauri wa zamani ulikuwa mgonjwa alazwe chali wiki mbili. Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo yaliyoonesha kuwa waliolazwa kitandani hawakupona vyema kuliko walioachwa waendelee na shughuli zao kwa kadiri walivyoweza. Kwa hiyo siku moja au mbili za kupumzika si vibaya, lakini baada ya hapo mwili unataka kutembea, hatua chache mara nyingi kwa siku, kabla ya maumivu kuchacha. Kukaa muda mrefu ni adui. Anayefanya kazi ya kukaa na asimame kila nusu saa. Kulala kwa ubavu na mto baina ya magoti huupumzisha mgongo, na mwenye kulala chali aweke mto chini ya magoti. Maji ya moto ndani ya chupa, yaliyofungwa kwa kitambaa, yakiwekwa kiunoni hutuliza misuli iliyokaza. Ama yule kijana anayepanda juu ya mgongo wa mgonjwa kuukanyaga kwa visigino, tunaomba ashuke.

Ndoo ya maji isichotwe kwa kuinama na kugeuka kwa pamoja. Mtu akunje magoti na kuukaribisha mzigo kifuani. Ufagio wa chelewa ufungwe kwenye mti mrefu. Mbuzi ya nazi iwekwe juu ya benchi au, lililo jepesi zaidi, mume akune nazi. Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akaeleza kuwa alikuwa akiwahudumia ahli zake mpaka wakati wa swala. Sunna hii huipati ikitajwa sana katika baraza za wanaume.

Kuhusu dawa, za kutuliza maumivu zinapatikana katika kila duka la dawa, na hapo ndipo penye hatari. Diklofenaki na aibuprofeni zikinywewa kwa wingi huchubua tumbo, hudhuru figo na hupandisha shinikizo la damu. Tumewaona watu katika Ramadhani wakizimeza kabla ya futari, tumbo tupu. Zinywewe baada ya kula, kwa kipimo cha daktari. Na ambaye hawezi kufunga kwa maradhi ameshapewa ruhusa na Kitabu chenyewe. Mazoezi anayofundisha mtaalamu wa viungo ni bora kuliko vidonge vya mwaka mzima. Hijama ni sunna, na Abu Dawud amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) aliumikwa nyongani kwa maumivu yaliyompata. Anayeitaka aifanye kwa wembe mpya na vikombe safi, na mwenye kisukari au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Tusichokubali ni hijama kuwa kisingizio cha kuchelewa hospitali.

Upasuaji ndio unaotisha wengi. Wengi wa wagonjwa hupata nafuu kubwa ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu pasina kisu, wala si kila mtu anahitaji kipimo cha gharama kubwa siku ya kwanza. Uholanzi hiyo hiyo, mwaka 2007, utafiti mwingine ulionesha kuwa waliopasuliwa mapema walitulia maumivu kwa haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja hali zao na za waliosubiri zilikaribiana. Basi kusubiri kwa uangalizi kuna msingi.

Ziko hali, hata hivyo, zisizosubiriwa hata usiku mmoja. Mtu akishindwa kukojoa, au haja ikimtoka bila ya kujua; akifa ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, mahali panapogusa tandiko la punda; au miguu yote miwili ikiishiwa nguvu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, kwani mishipa ya chini ya uti wa mgongo imebanwa na ikichelewa hairudi. Unyayo usioinuka nao ni wa kupelekwa upesi. Na maumivu ya mgongo yanayofuatana na homa, jasho la usiku au kukonda yachunguzwe, maana kifua kikuu hushambulia pia mifupa ya uti wa mgongo. Maswali haya yana haya ndani yake, nasi tunajua mama hatamjibu mwanawe wa kiume. Dada wa nyumba amuulize.

Kwa upande wa msikiti, kamati imekubaliana kwamba viti viwekwe ncha za safu. Anayeswali kwa kukaa tangu mwanzo apange miguu ya nyuma ya kiti sawa na visigino vya wenziwe. Anayesimama kisha akakaa, visigino vyake ndivyo viwe katika mstari, na kwa kuwa kiti chake kitarudi nyuma, achague safu ya mwisho ili asimbane aliye nyuma yake. Karibu na mifereji ya udhu vimewekwa vigoda viwili virefu. Viti sita vipya vimepelekwa upande wa wanawake, ambako hapakuwa na hata kimoja, na ufunguo wa chumba vinamohifadhiwa yuko nao mwalimu wa madrasa ya asubuhi.