Je, Wajua? Bakteria wa tauni hachomi sindano ovyo

Bakteria wa tauni, Yersinia pestis, ana sindano yake mwenyewe. Akiwa tumboni mwa kiroboto hana haja nayo. Kiroboto akishamuuma mtu, bakteria huhisi joto limepanda hadi nyuzi 37, ndipo huunda mirija myembamba inayochomoza nje ya ngozi yake.

Hata hapo bado hachomi. Protini iitwayo YopN hukaa mlangoni kama kizibo cha chupa. Ncha ya mrija ikigusa seli nyeupe ya damu, ile iliyokuja kummeza, kizibo huondoka na protini nyingine humiminwa ndani ya seli hiyo. YopH huiharibia uwezo wa kumeza. YopJ huizuia isitoe ishara za kuita msaada. Maabarani, ukimnyima bakteria kalsiamu katika joto hilohilo la nyuzi 37, humwaga protini zake bila kugusa seli yoyote na hata kukua huacha. Hasara tupu!

Huko Ituri, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tauni haijaisha. Mwaka 2005 iliwapata pia wachimba almasi wa Zobia, kaskazini mwa nchi, tena ile ya mapafu, inayoambukizwa kwa kikohozi. Zaidi ya watu 50 walikufa. Streptomaisini na doksisiklini ni dawa za zamani na bado zinaitibu, ila kwa tauni ya mapafu zinapaswa kuanza ndani ya saa 24 tangu dalili zionekane.