SWICHI ZA MTANDAO KATIKA MITAMBO YA KUFUA UMEME
Kifaa Kidogo Chenye Dhamana Kubwa

Umeme waweza kuwa mali ya ushirika kama vile ghala, kinu au lori. Katika bahari iliyo mbele ya mji wa Copenhagen, nchini Denmark, ilijengwa mwaka 2000 mitambo 20 ya kufua umeme kwa upepo, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 2. Nusu ya mitambo hiyo ilijengwa kwa fedha za chama cha ushirika chenye hisa 40,500, zilizonunuliwa na wananchi wapatao 8,500. Chama chochote kinachonuia kufua umeme, uwe wa upepo au wa maporomoko ya maji, hakina budi kuelewa si chuma kikubwa tu, bali pia vifaa vidogo vinavyokiongoza. Kimojawapo ni swichi ya mtandao.

Kazi yake

Mtambo wa umeme hauachwi uzunguke upendavyo. Vipo vipimo vya mwendo, vya mtikisiko na vya joto la beringi. Vipo vifaa vya kufungua na kufunga mlango wa maji. Na kipo chumba cha usimamizi. Vyote hivi hupelekeana taarifa. Watumiaji wa umeme wakikatika ghafla, mzigo hupungua na mtambo huanza kwenda mbio kupita kiasi. Hapo amri ya kufunga maji haiwezi kungoja.

Njia inayotumika sana siku hizi kupelekea taarifa hizo ni ile iitwayo Ithaneti, iliyobuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na David Boggs katika maabara za Xerox huko California. Hapo mwanzo mashine zote zilitumia waya mmoja. Mbili ziliposema kwa pamoja, taarifa ziligongana, na kila moja ikalazimika kungoja kidogo kabla ya kujaribu tena. Kwa barua za ofisini kungoja huko hakukuwa na madhara. Kwa amri ya mtambo kulikuwa ni hatari.

Swichi iliondoa tatizo hilo. Hufanya kazi kama karani wa posta: husoma anwani ya kila taarifa, kisha huipeleka kwenye waya wa mwenyewe tu. Kila mashine hupata njia yake, na yaweza kupeleka na kupokea kwa wakati mmoja. Swichi nzuri hutambua pia taarifa za haraka na kuzitanguliza.

Si sawa na ile ya ofisini

Swichi ya ofisini hukaa mahali penye ubaridi na pasipo vumbi. Ya mtambo hukabili joto, mtikisiko, unyevu na misukosuko ya umeme wa jenereta. Kwa hiyo nyingi za aina hii hazina feni, kwa kuwa feni huvuta vumbi na huharibika. Joto hutoka kupitia kasha la chuma. Nyingi hutengenezwa zistahimili kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi nyuzi 75 za Selsiasi. Huwa na viingilio viwili vya umeme, ili kimoja kikifa kingine kishike kazi, na hutoa ishara ya hatari pale kimoja kinapokatika.

Waya nao una mpaka. Waya wa shaba haupaswi kuzidi mita 100. Zaidi ya hapo hutumika nyuzi za kioo zinazopitisha nuru. Kioo hakisumbuliwi na jenereta, wala hakipitishi mkondo wa radi kutoka jengo moja hadi jingine.

Njia ya pili

Mtandao wenye njia moja hufa waya mmoja ukikatika. Ndiyo sababu swichi hufungwa kwa duara. Hata hivyo, duara lililo wazi lingefanya taarifa zizunguke bila kikomo. Basi kipande kimoja hufungwa, na hufunguliwa tu pale kingine kinapokatika. Katika utaratibu wa kale kufungua huko kulichukua sekunde 30 hadi 50. Taratibu za viwandani za sasa zaweza kumaliza kazi hiyo kwa sehemu mbili za kumi za sekunde au chini ya hapo. Upo pia utaratibu wa mitandao miwili kamili, ambapo kila taarifa hupelekwa mara mbili. Mmoja ukifa, hakuna muda unaopotea.

Fundisho la mwaka 2022

Tarehe 24 Februari 2022 mawasiliano ya setilaiti moja ya Ulaya yalihujumiwa. Mitambo ya upepo ipatayo 5,800 ya kampuni ya Enercon, iliyoko Ulaya ya kati, haikuweza tena kusimamiwa kutoka mbali. Hata hivyo haikusimama, kwa kuwa kila mmoja ulikuwa na uongozi wake papo hapo. Fundisho ni wazi: usalama wa mtambo usitegemee waya utokao nje.

Mambo ya kuuliza kabla ya kununua

Kamati ya chama na imuulize muuzaji:

(a) Je, swichi imepimwa kwa joto na mtikisiko wa mahali itakapofungwa?

(b) Waya mmoja ukikatika, mtandao utarejea baada ya muda gani?

(c) Je, kinga ya kuzuia mwendo wa kupita kiasi ina waya wake pekee, usiopitia kwenye mtandao?

(d) Je, mtandao wa mtambo umetengwa na ule wa ofisi, na maneno ya siri ya kiwandani yamebadilishwa?

(e) Ni nani katika chama atakayefundishwa kuitunza, na swichi ya akiba itawekwa wapi?

Muuzaji asiyeweza kujibu maswali haya kwa maandishi hastahili kupewa fedha za wanachama. Bei ya swichi ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya mtambo. Lakini ikichaguliwa ovyo, mtambo wote waweza kusimama kwa ajili yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.