Waya wa alumini: wepesi uliowatia hasara wanahisa wa Airbus

Zaidi ya robo ya thamani ya hisa za EADS, kampuni iliyokuwa mmiliki mkuu wa kiwanda cha ndege cha Airbus, ilipotea kwa siku moja tarehe 14 Juni 2006. Siku hiyo hakuna ndege iliyoanguka wala kuungua. Kilichowakimbiza wenye hisa ni taarifa iliyotolewa jioni ya siku iliyotangulia, kwamba ndege kubwa ya abiria aina ya A380 ingechelewa tena kwa miezi sita hadi saba kwa sababu kazi ya kufunga nyaya zake za umeme ilikuwa imekwama.

Sehemu ya nyaya hizo ilikuwa ya alumini badala ya shaba. Tangu hapo swali limekuwa likirudi kila kiwanda cha ndege kinapotangaza kupunguza uzito: je, waya wa alumini ni salama angani? Kwa mwenye fedha zake katika hisa za viwanda vya ndege, au anayefuatilia bei ya shaba, jibu lina thamani ya fedha taslimu. Kumbukumbu za ajali na za mahesabu zinaonyesha kuwa hatari na hasara havitokani sana na metali yenyewe. Vinatokana na viungio, ganda la waya na ufundi.

Kilo mbili kwa kilo moja

Shaba hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko alumini. Kwa unene ule ule, alumini hupitisha kiasi cha asilimia 61 tu ya umeme unaopitishwa na shaba. Kwa hiyo waya wa alumini unaofanya kazi ile ile lazima uwe mnene zaidi, kiasi cha mara 1.6.

Hata hivyo, alumini ni nyepesi mno. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa gramu 8.96, na ya alumini gramu 2.7. Ukipiga hesabu, kazi ya kilo 100 za shaba inafanywa na kilo 50 hivi za alumini. Katika A380, yenye nyaya za urefu wa zaidi ya kilomita 500, kilo zinazopungua zinageuka kuwa mafuta yanayookolewa au mzigo unaolipiwa katika kila safari, kwa maisha yote ya ndege.

Bei nayo inaipendelea alumini. Mwezi Mei 2024 tani moja ya shaba ilivuka dola 11,000 za Marekani katika soko la metali la London, wakati tani ya alumini haikufika dola 3,000. Lakini kwa muundaji wa ndege bei ya metali ni jambo dogo. Anachonunua ni wepesi.

Sifa mbaya ilianzia majumbani

Alumini ilipata sifa mbaya ardhini. Bei ya shaba ilipopanda katikati ya miaka ya 1960, wajenzi wengi wa Marekani walitandaza nyaya za alumini katika nyumba mpya, na mtindo huo uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baadaye moto ulianza kuripotiwa. Tume ya usalama wa bidhaa za walaji ya nchi hiyo ilieleza kuwa nyumba zenye nyaya za alumini zilizotengenezwa kabla ya 1972 zina uwezekano mara 55 zaidi ya zile za shaba wa kuwa na kiungio kimoja au zaidi kilichofikia hali ya kuweza kuwasha moto.

Neno la kuzingatia hapo ni kiungio. Alumini ikiguswa na hewa hufanya utando mgumu unaozuia umeme. Ikipata joto hutanuka kuliko shaba kwa karibu theluthi moja, na ikibanwa na skrubu hulegea pole pole. Kiungio kilicholegea hupata moto, na joto hilo hukilegeza zaidi.

Ndege ina matatizo hayo yote pamoja na mtikisiko, unyevunyevu na mabadiliko makali ya joto. Ndiyo maana FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, katika mwongozo wake wa matengenezo wa mwaka 1998 haikupendelea waya mwembamba wa alumini wala vipande vifupi vya chini ya sentimita 90 hivi. Ilitaka pia alumini isifungwe kwenye vifaa vilivyoshikizwa na injini, penye mvuke unaokula metali, penye mtikisiko mkali, wala mahali panapofunguliwa mara kwa mara. Viungio navyo viwe vile vilivyotengenezwa mahsusi kwa alumini. Mwongozo haukuipiga marufuku metali hiyo. Uliionyesha mahali pake, yaani nyaya nene na ndefu zinazosafirisha umeme mwingi bila kuguswaguswa.

Shaba nayo si mtakatifu

Anayedhani kuwa shaba pekee ni usalama aikumbuke ndege ya Swissair namba 111, iliyoanguka karibu na pwani ya Kanada tarehe 2 Septemba 1998 na kuua watu wote 229. Ripoti ya wachunguzi wa Kanada ya mwaka 2003 ilieleza kuwa moto uliielekea kuanza kwa cheche za waya juu ya dari, karibu na chumba cha marubani, ukashika kitambaa cha kuzuia joto na sauti ambacho hakikupaswa kuwaka kirahisi. Waya uliokutwa na alama za cheche ulikuwa wa shaba, wa mtambo wa burudani za abiria.

Somo hilo ndilo lililozaa kanuni mpya. Mwaka 2007 FAA ilianza kuzihesabu nyaya, viungio na vishikio vyake kuwa mfumo kamili wa ndege unaopaswa kusanifiwa na kukaguliwa kama mifumo mingine, badala ya kuachwa nyuma ya dari hadi vilete shoti.

Alumini iliyoumiza bila kuungua

Kwa upande wa A380, wepesi ulipatikana. Hadi ndege ya mwisho ilipokabidhiwa kwa Emirates mwezi Desemba 2021, ndege 251 zilikuwa zimetolewa na hakuna abiria aliyefariki katika ajali ya ndege hiyo.

Hasara ilitokea kiwandani. Alumini haipindiki kama shaba. Kona inayotosha waya wa shaba huwa kali mno kwa alumini. Wasanifu wa Hamburg na wa Toulouse walikuwa wakitumia matoleo tofauti ya programu ya uchoraji, na michoro haikupatana. Mafungu ya nyaya yalipofika Toulouse mengine yalikuwa mafupi, hayafiki kwenye viungio vyake. Ikabidi mafundi wayafungue na kuyafunga upya kwa mikono.

Ucheleweshaji wa kwanza ulitangazwa mwaka 2005, wa pili Juni 2006, na wa tatu Oktoba 2006, safari hii ukiambatana na makadirio ya euro bilioni 4.8 kupungua katika faida ya uendeshaji kwa miaka minne. Wakuu wa EADS na Airbus walijiuzulu. Novemba 2006 FedEx ilifuta oda yake ya ndege 10 za mizigo na kwenda kwa Boeing. Mwaka 2007 mzima ilikabidhiwa A380 moja tu, kwa Singapore Airlines.

Shaba ya Bandari ya Dar es Salaam

Je, alumini ya ndege inaweza kuishusha bei ya shaba? Kwa wanaoishi kwa mizigo ya shaba ya Zambia na Kongo inayopita Bandari ya Dar es Salaam, hesabu inatuliza moyo. Hata kama kila A380 ingebeba tani 10 za shaba, ndege zote 251 zingetumia tani 2,510. Migodi ya dunia hutoa zaidi ya tani milioni 20 kwa mwaka. Soko hilo linaendeshwa na majumba, magari na gridi za umeme. Habari ya ndege isimfanye mtu auze wala anunue shaba.

Kwa mwenye hisa, mambo ni kinyume. Kiwanda kinapotangaza metali mpya kwa ajili ya kupunguza uzito, cha kuuliza ni kama michoro, viungio na mafundi vimebadilishwa pamoja nayo. Na kikisema kimechelewa kwa sababu ya nyaya, ajue kwamba tatizo la michoro limo katika kila ndege iliyo kwenye mstari. Aliyenunua EADS Juni 2006 akiamini kuwa mabaya yamekwisha alisubiri miezi minne tu kusikia tangazo la tatu.