Umewekewa jino la kudumu? Hii ndiyo sababu daktari bado anataka picha

Umewekewa jino, umelipa hela ndefu, na ukijitazama kwenye kioo linang'aa. Nyama unatafuna bila shida. Mwaka unapita, unarudi kwa daktari wa meno, naye anakwambia: "Hebu tupige picha." Unajiuliza: ya nini tena, mbona hakuna hata maumivu?

Jibu fupi ni kwamba daktari anataka kuona mfupa unaolishikilia jino hilo.

Meno gani hayo?

Hapa tunazungumzia meno bandia yasiyotolewa mdomoni, siyo yale ya kuvua usiku na kuweka kwenye glasi ya maji. Krauni ni kofia inayovalishwa jino lako mwenyewe lililochimbika au kuvunjika. Daraja linaziba pengo: jino bandia linakaa katikati, likibebwa na krauni zilizovalishwa meno ya jirani.

Krauni yenyewe haiozi. Tatizo liko kwenye ukingo wake, pale inapokutana na jino halisi karibu na ufizi. Ukingo ukiwa haujakaa sawasawa, mabaki ya chakula na bakteria hupata pa kujificha. Utando unajijenga, ukikaa unageuka ugaga mgumu, na ufizi unavimba.

Usipotibiwa, ufizi unaachana na jino na kuacha mfuko. Ndani ya mfuko huo mfupa unaanza kuliwa polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote. Ukija kuona jino linacheza, mfupa mwingi umeshaondoka, na kuurudisha si kazi rahisi. Kwa mwenye daraja hasara ni kubwa zaidi: jino moja la nguzo likiharibika, daraja zima liko hatarini.

Picha inaonyesha nini?

Eksirei haionyeshi vizuri nyama ya ufizi, kwa sababu mionzi inapita kirahisi kwenye nyama laini. Kinachoonekana ni mfupa. Kwenye mdomo wenye afya, ukingo wa mfupa huwa kama milimita 1 hadi 2 chini ya mstari ambapo kichwa cha jino kinakutana na mzizi. Ukishuka zaidi ya hapo, daktari anaanza kuuliza maswali.

Picha inaweza pia kuonyesha krauni iliyozidi ukingo wa jino, ugaga ulioganda chini ya ufizi, au uambukizo kwenye ncha ya mzizi.

Kuna picha ndogo unayopigwa huku umeng'ata kishikio, inayoonyesha mfupa wa juu na wa chini kwa pamoja. Nyingine inaonyesha jino zima hadi ncha ya mzizi.

Isichoonyesha

Picha safi haina maana kwamba fizi zako ni salama. Sababu ni tatu:

- Chuma huzuia mionzi. Krauni ya chuma inatokea nyeupe pee, na kilichojificha nyuma yake hakionekani. Hata kwenye skana ya 3D, chuma huleta michirizi inayoharibu picha.
- Picha ya kawaida ni bapa. Mfupa wa upande wa shavu na wa upande wa ulimi unafunikwa na jino lenyewe.
- Picha inachelewa. Mfupa unapaswa kupoteza sehemu kubwa ya madini yake kabla mabadiliko hayajaonekana.

Ndiyo maana daktari anatumia pia kijiti chembamba chenye alama za milimita, anachokiingiza taratibu kati ya jino na ufizi. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida. Kuanzia 4, hasa damu ikitoka, kunahitaji kufuatiliwa. Kijiti kinapima nyama, picha inapima mfupa. Kimoja bila kingine ni nusu ya habari.

Wavutaji sigara wawe makini zaidi. Sigara hupunguza damu kutoka kwenye fizi, kwa hiyo mtu anaweza kudhani yuko sawa kumbe ugonjwa unaendelea.

Vipi kuhusu mionzi?

Picha moja ndogo ya jino kwa mashine ya kidijitali ina mionzi kidogo sana, takriban sawa na ile ya asili tunayoipata sote kwa siku moja, au pungufu. Hata hivyo haipigwi kwa mazoea tu, lazima iwe na sababu. Kama una mimba, mwambie daktari mapema.

Ufanye nini?

1. Ukishawekewa krauni au daraja, uliza kama kuna picha ya mwanzo. Omba nakala yake na uitunze kwenye simu. Picha moja peke yake inasema kidogo. Ikilinganishwa na ya mwaka juzi ndipo inaonyesha kama mfupa unashuka. Ukihama mji au kubadilisha kliniki, nakala hiyo ndiyo kumbukumbu yako.
2. Kwenye kila uchunguzi, uliza: "Fizi zangu umezipima? Ni milimita ngapi?"
3. Safisha chini ya daraja kila siku kwa brashi ndogo ya kati ya meno, au uzi wenye ncha ngumu unaopenya chini yake. Mswaki wa kawaida haufiki huko.
4. Damu wakati wa kupiga mswaki, harufu mbaya isiyoisha, usaha, au ufizi mwekundu uliovimba pembeni ya krauni: usisubiri maumivu, nenda.
5. Una kisukari? Mjulishe daktari wa meno. Sukari isiyodhibitiwa huongeza hatari ya ugonjwa wa fizi, na fizi zenye ugonjwa hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti.

Pesa ya krauni umeshailipa. Ukaguzi wa fizi ndio unaoamua kama itakaa miaka mingi au utarudi kulipia pengo.