Moto ya saa moja: namna ya kujaza telefoni yako mbio



Usiku mumoja wa mvua, hapa kwetu Kolwezi, moto ilirudi kisha siku mbili za giza. Munajua namna inakuwaka. Watoto wanapiga kelele mu njia, mama anakimbilia friji, na kila prizi ya nyumba inashikwa. Mimi niliweka telefoni yangu ku shajeri moja ndogo ya zamani, nikaenda kulala. Kumbe moto ilikatika tena kisha saa moja tu. Asubui niliangalia: asilimia 17. Nikasema itanifikisha mpaka mangaribi. Haikufika hata saa ine ya asubui.

Saa tano, ndugu mumoja wa posti yetu aliitwa ku biro. Walimupatia karatasi ya kujieleza juu ya gari iliyogonga ukuta. Si yeye aliyeendesha. Alitaka kuniita mimi, delege wake, mbele ya kutia sahihi. Alipiga mara sita, telefoni yangu imezima. Akaandika peke yake, mu Kifaransa asichokizoea, akatia sahihi. Tulipigana juma tatu ili asifukuzwe. Hakufukuzwa, lakini walimusimamisha siku nane bila mushahara. Siku nane, mutu mwenye watoto watano.

Mukubwa wa ile kosa haikuwa shajeri, najua. Lakini kama ningekuwa na asilimia 60 ile asubui, ningefika. Njo maana nilienda kuuliza kwa kijana mumoja mwenye kutengeneza telefoni ku meza yake karibu na soko. Alishika shajeri yangu, akacheka: «Papa delege, hii inatoa maji tone kwa tone. Unataka kujaza fusti na kijiko?» Yale alinifundisha, pamoja na yale niliyojaribu mwenyewe ku nyumba, nawaandikia leo.

Soma namba ku shajeri

Kila shajeri iko na maandishi madogo. Tafuta neno OUTPUT ao SORTIE. Kama umeona 5V na 1A, zidisha: 5 mara 1 ni 5. Hiyo ni nguvu ya wati 5. Kama ni 5V na 2A, ni wati 10. Kama ni 9V na 2A, ni wati 18. Wenye kufanya kazi ku pompi wataelewa mbio: volti ni nguvu yenye kusukuma, ampere ni wingi wa maji yenye kupita, na wati ni kazi yote pamoja.

Batri ya telefoni nyingi za sasa iko na milliampere-saa 5,000. Kwa shajeri ya wati 5, kuijaza yote inaomba zaidi ya masaa mane. Kwa wati 10, zaidi ya masaa mawili. Kwa wati 18 ao 20, kama telefoni inakubali, ni karibu saa moja na nusu mpaka mawili. Sasa hesabu na delestaji yetu. Kama moto inakuja saa moja paka, shajeri ya kwanza inakuachia kidogo sana, ya tatu inakupatia zaidi ya nusu. Prizi ni moja, moto ni ileile.

Watu mingi wanaogopa: «Shajeri kubwa itaunguza telefoni.» Hapana. Telefoni njo inavuta, na haivute zaidi ya kile iliumbwa kupokea. Wakati unachomeka, telefoni na shajeri zinaulizana kwanza: unaweza kutoa ngapi, unaweza kupokea ngapi? Zikielewana, nguvu inapanda. Zisipoelewana, zinarudia volti 5 ya zamani. Njo maana shajeri kubwa ya alama moja inaweza kushaji telefoni ya alama ingine polepole. Kila fabrike iko na luga yake. Angalia ekrani: ikiandika «Charge rapide», wameelewana. Isipoandika, ingia mu mipango ya batri, maana telefoni zingine ziko na kifungo cha «Charge rapide» chenye kuzimwa. Kiwashe.

Kable: shaba tunaijua sisi

Hapa sitaki mutu wa Kolwezi adanganyike. Ndani ya kable muko nyuzi za shaba, ile tunaitoa mu udongo kila siku. Uzi munene unapitisha mingi, uzi mwembamba unapunguza na unapata joto. Kable ya bei ya chini, ndefu ya metre mbili ao tatu, iko na shaba nyembamba kama nywele, ingine yote ni plastiki. Unaweza kununua shajeri ya wati 20, ukaifunga na ile kable, ukabaki pale pale.

Chukua kable fupi, metre moja inatosha, yenye unene kidogo. Ikiwezekana tumia ile iliyotoka na telefoni. Jaribu hivi: kable mbili, telefoni moja, shajeri moja, dakika 20 kila moja, wakati batri iko chini. Ile yenye kupandisha asilimia mingi njo unafunga mu fuko.

Kisha angalia tundu la telefoni. Vumbi ya njia zetu inaingia mu mufuko, inashikamana na nyuzi za nguo, inakuwa kifuniko ndani ya tundu. Kable inaonekana imeingia, lakini haiguse vizuri. Zima telefoni, twaa kijiti cha meno chenye kukauka, toa ule uchafu polepole. Usitie sindano, usitie kisu, usitie maji. Mama mumoja wa kampi yetu alikuwa tayari kulipa mutu amubadilishie tundu lote. Tulitoa vumbi sawa punje ya muhogo, telefoni ikashaji.

Usiitumikishe wakati inakula

Mutu anaweka telefoni ku prizi, kisha anaangalia video, data imewaka, ekrani inang'aa. Ni kama kujaza ndoo yenye kutoboka. Ekrani njo inakula mingi. Izime. Kama hungojee simu, weka modi ya avio, ao zima telefoni yote ule muda. Inasaidia kidogo, na zaidi pale rezo iko dhaifu, sababu telefoni inahangaika kuitafuta. Lakini kama wewe uko delege, ao mume wako iko chini ya udongo posti ya usiku, usizime. Zima ekrani na data, acha simu ziingie.

Adui mwingine ni joto. Telefoni ikipata moto mingi, yenyewe inapunguza kushaji ili kulinda batri. Basi usiiache ku jua, wala juu ya friji, wala chini ya mto. Toa ile koti ya plastiki, iweke juu ya simenti ao meza. Ku mwezi wa kumi, mbele ya mvua, nyumba za mabati zinapata joto sana: tafuta pembe yenye baridi.

Nusu ya kwanza inaingia mbio

Batri inajaa sawa basi ya wafanyakazi. Wa kwanza wanapanda mbio, wanakaa wanavyotaka. Wa mwisho wanasukumana, wanatafuta nafasi, basi haiondoke. Kufika karibu asilimia 80, telefoni inaanza kupokea polepole, na ile kidogo ya mwisho inaweza kuchukua muda murefu. Ni kazi ya batri ya lithium, si ugonjwa.

Kwa hiyo, kama moto ni ya saa moja na nyumba iko na telefoni tatu na shajeri nzuri moja paka, musingoje ya kwanza ifike 100. Peleka kila moja dakika 20. Tatu zenye 40 ni bora kuliko moja yenye 80 na mbili zenye kuzima. Na anza na ile ya mutu mwenye kwenda ku kazi.

Prizi ya ordinatere ya zamani inatoa nusu ya ampere tu, haifae kwa haraka. Shajeri yenye matundu mingi ya USB mara mingi inagawanya nguvu kwa wote: ukiwa na haraka, baki peke yako. Pawabanki ni akiba nzuri, lakini soma namba zake vilevile, ile ya kutoa na ile ya kupokea. Pano ndogo ya jua inasaidia, lakini wingu likipita nguvu inashuka. Ni bora ijaze pawabanki muchana, na pawabanki ijaze telefoni mangaribi.

Moto ikirudi, usikimbie kuchomeka. Mara ingine inarudi na nguvu mingi, inazimika, inarudi. Ngoja dakika tano. Na kama taa zinawaka hafifu, usikate tamaa: shajeri nyingi nzuri zimeandikwa INPUT 100-240V, maana yake zinakubali hata moto dhaifu.

Pale hatuchezi

Batri ikivimba, mugongo wa telefoni ukifunguka, acha kushaji siku ileile. Usiitoboe, usiitupe mu moto. Inaweza kuwaka. Usiache telefoni ikishaji ku kitanda cha mutoto.

Ku kazi, mambo matatu. Moja: mu lampisteri, usichomoe lampe ya mwenzako ili uweke telefoni yako. Ule mwenzako atashuka na mwangaza wa nusu posti, na mu giza ya chini hakuna jirani wa kulomba taa. Mbili: usifungue nyaya za mashini kutafuta moto ya telefoni. Tatu: pale wanapotia baruti, telefoni inabaki inje. Sheria ile haikuandikwa kwa kutusumbua. Mawimbi ya telefoni yanaweza kuwa hatari karibu na detonateri za umeme.

Neno la mwisho

Karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia inatoka inchi yetu, na batri za telefoni nyingi ziko nayo ndani. Shaba ya kable ni yetu. Tangu mwaka 1982, laini kubwa ya umeme inatoka Inga, inatembea kilometre karibu 1,700, inafika hapa Kolwezi juu ya ile shaba. Ku Nzilo na ku Nseke muko mabarage karibu na sisi. Basi mufanyakazi akilomba prizi moja ya kushaji telefoni, halombe zawadi.

Kwetu tuliiandika mu barua ya maombi, nyuma ya mambo ya mushahara na ya dawa. Wakubwa walicheka kwanza. Tukawaeleza: mutu mwenye telefoni imezima hapokei habari ya basi, haitwe wakati mutoto iko ku hopitali, na ninyi wenyewe hamumupate munapomutaka posti ya ziada. Lile neno la mwisho walilisikia. Leo tuko na ubao wa prizi sita mu vestieri, pale lampe na baruti haziko, na mulinzi anaangalia. Prizi sita kwa watu wote wa posti ni kidogo. Tunagawanya kwa dakika 20.

Ule ndugu wa karatasi amerudi ku kazi. Iko na namba yangu, na sasa iko na namba za madelege wawili wengine, wazo lake mwenyewe. Na mimi, kila moto inaporudi, ninangoja dakika tano, ninatoa koti ya telefoni, ninafunga kable fupi, ninazima ekrani. Mungoje dakika zile tano. Kisha musome namba.