Samani za mbao za kienyeji: Kagua chini kabla ya juu

Msikilizaji, miongoni mwa vitu ambavyo Mswahili aishiye ughaibuni hutamani kuviona sebuleni mwake ni samani za mbao za nyumbani: kiti cha mninga, meza ya mvule, au benchi lililoundwa kwa mbao za jahazi kuukuu, kama yanavyotengenezwa Lamu na Unguja. Uzuri wake ni wa asili: ubao mnene, wenye mafundo na alama za umri, usiofichwa kwa rangi.

Hata hivyo, ubao hauhami kwa urahisi. Niliwahi kusafirisha meza kutoka pwani hadi Uingereza. Usiku mmoja wa majira ya baridi tulisikia mlio mkali sebuleni, na asubuhi tukakuta uso wa meza umepasuka kwa urefu wake wote. Wakati wa kununua nilikuwa nimeuliza bei na aina ya mti. Sikuuliza kama ubao umekauka.

Chanzo ni unyevu. Mti, hata ukishapasuliwa mbao, huendelea kuvuta na kutoa maji kulingana na hewa. Ubao uliokaushwa kwa hewa ya pwani ya Afrika Mashariki huweza kuwa na unyevu wa asilimia 14 au zaidi. Ndani ya nyumba ya Ulaya ipashwayo joto, hushuka hadi asilimia 10 au chini yake. Kiyoyozi cha Muscat au Dubai nacho hukausha hewa ya chumbani. Ubao ukikauka husinyaa kwa upana, wala si kwa urefu. Ukiwa umebanwa kila upande kwa misumari na gundi, hauna budi kupasuka.

Kwa hiyo, mnunuzi aanze kukagua chini ya meza. Skrubu zinazoshika uso wa meza zipitie matundu marefu kidogo, ili ubao upate nafasi ya kusogea. Miguu iungwe kwa ulimi uliozama katika tundu, kwani misumari mitupu hulegea. Ufa wa kale uliotulia si kasoro; vijitundu vyenye unga mpya ni dalili ya bungua. Mbao za jahazi zikaguliwe kutu na misumari iliyobaki, na rangi yake ya zamani isikwanguliwe mbele ya watoto, kwa kuwa huweza kuwa na madini ya risasi.

Kuna pia sheria. Biashara ya kimataifa ya mpingo imedhibitiwa na mkataba wa CITES tangu mwaka 2017, na mkutano wa Panama wa mwaka 2022 uliamua kuongeza mninga na mkongo wa Afrika. Masharti hutofautiana kati ya magogo, mbao na samani zilizokamilika. Ni busara kuuliza idara ya misitu kabla ya kulipa nauli ya meli.

Samani ikishafika, iwekwe mbali na kipasha joto na ipakwe mafuta au nta.

Meza yangu haikutupwa. Fundi aliziba ufa na kuzipa skrubu nafasi. Majira kadhaa ya baridi yamepita, na hadi leo chai ya jioni tunainywea juu yake.